Nirudishieni Asubuhi Yangu

Mama mwenzangu, nakuuliza wewe uliyesimama pale Sanawari saa mbili asubuhi, kanga begani, simu mkononi, unasoma ujumbe wa shule huku hiace inakupita. Ile asubuhi uliyoahidiwa iko wapi?

Uliahidiwa. Usijifanye umesahau. Ulipokuwa na mmoja mgongoni na mwingine anavuta sketi, walikuambia vumilia, wakianza shule utapumua. Shangazi alikuambia. Jirani alikuambia. Mama mkwe alikuambia. Wakianza shule utapumua! Ukavumilia. Ukaacha biashara, ukaacha kwaya, ukaacha kozi uliyokuwa umeshalipia nusu. Ukahesabu miaka kama anayehesabu siku za kifungo.

Haya, wameanza shule. Umepumua?

Mimi sijapumua, na kunyamaza kumenichosha.

Januari, usiku wa kuamkia siku kitindamimba wangu anaingia darasa la kwanza, nilikaa jikoni nikaandika kwenye daftari mambo matatu. La kwanza, kozi ya miezi mitatu ya kuoka mikate, maana nina oveni niliyoinunua kabla mtoto huyo hajazaliwa na imegeuka kabati la sufuria. La pili, kila Alhamisi nipande Nkoaranga kumwona mama yangu. Ni mzee, anakaa peke yake na migomba yake. La tatu, siku moja kwa juma nilale mchana. Nilale tu. Nikafunga daftari nina furaha kama ya bibi harusi.

Sasa ni Agosti. Kozi sijaikanyaga. Nkoaranga, mpaka juma lililopita, nilikuwa nimekwenda mara mbili, na zote mbili ni misiba. Kulala mchana nimelala siku moja, nikiwa na homa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nikalirudia daftari lile lile, nikazihesabu saa zangu kama mwenye duka anayeshuku kuwa anaibiwa. Hesabu yenyewe ni hii.

Naamka saa kumi na nusu. Ukiishi upande huu wa mlima unaijua baridi ya Juni na Julai, ukungu umeshuka mpaka mlangoni na Meru yenyewe huioni. Mkubwa yuko darasa la nne, shule ya Kiingereza. Tulimpeleka mambo yalipokuwa mazuri. Gari lake linapita saa kumi na mbili kasorobo, giza totoro, anapanda bado amelala. Mdogo yuko Kayumba, shule ya serikali, kwa sababu mambo hayakubaki mazuri. Huyo nampeleka mwenyewe kwa miguu. Njiani kuna korongo, na makorongo ya Arusha tunayajua. Aprili 2024 maji ya mvua yalilisomba gari la shule hapa hapa jijini, watoto wakafa, na tangu siku hiyo kila masika mkubwa akipanda gari lake mimi nabaki nimesimama getini mpaka taa zake zinapotea. Narudi nyumbani saa mbili. Saa sita mdogo anatoka, lazima anikute pale. Toa mwendo wa kumfuata, zinabaki saa tatu na nusu.

Tatu na nusu! Hizo ndizo nilizozisubiri miaka tisa.

Na ningeridhika nazo, naapa. Saa tatu na nusu zinatosha kukanda unga, kuuacha uumuke, kuoka, na kumtumia mtu wa bodaboda mikate dukani kabla haijapoa. Sikuomba zaidi ya hapo.

Lakini simu inalia.

"Wazazi, kesho kila mtoto aje na boksi, gundi na manila." Nashuka Kilombero kutafuta manila. "Wazazi, kikao kifupi saa nne." Kikao kifupi kinakwisha saa saba. "Mzazi, njoo usaini." "Mzazi, mwanao amesahau daftari." "Mzazi, kesho ni zamu yako ya uji." Jirani yangu alipoteza asubuhi mbili za Novemba kwa ajili ya joho la mahafali ya chekechea, moja ya kulijaribu na moja ya kulirudisha kwa sababu lilikuwa refu. Joho! Mtoto wa miaka mitano, hajajua kufunga kamba za viatu, anavalishwa joho, na mama yake anaacha meza ya nyanya kwenda kuona kama linamkaa.

Bandu bandu huisha gogo. Ungeletewa shoka ungepiga kelele. Wanakuja na kisu kidogo, kila mmoja anabandua kibanzi chake kwa adabu, anaomba samahani, anamalizia na vile viganja viwili vya kuomba kwenye WhatsApp. Wewe unajibu sawa mwalimu. Unajibu sawa! Mchana ukifika unashangaa gogo limekwenda wapi.

Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001. Januari 2016 ikaja elimu bila malipo na michango ya lazima ikakatazwa. Nilishangilia, na bado nashangilia, kwa sababu nawajua watoto ambao bila hiyo wangekuwa wanauza karanga stendi. Ila nijibu: nani alifuta mchango wa muda? Shilingi ikichangwa ina risiti, ina kamati, ina mtu wa kuulizwa. Asubuhi ya mama haina risiti. Inachukuliwa leo, inachukuliwa kesho, na mwisho wa mwaka hutaona kitabu chochote kilichoandikwa kwamba shule hii imeendeshwa kwa saa za akina mama.

Hiyo ni ada, mama. Unailipa kila siku na hujui bei yake.

Mwalimu simlaumu. Darasa limefurika, mishahara mnaijua, na kila agizo linalotoka juu linamwangukia yeye. Anaegemea ukuta ulio karibu. Ukuta ulio karibu ni wewe, kwa kuwa hukuwahi kusogea.

Twende nyumbani sasa, maana huko ndiko kunakouma.

"Wewe si uko tu siku hizi?" Umeisikia. Wifi anatafuta wa kumsindikiza kliniki: wewe si uko tu. Kanisani wanatafuta wapambaji: wewe si uko tu. Fundi bomba atakuja asubuhi, saa haijulikani, nani amngoje? Uko tu. Mume ameacha bili mezani, ukamlipie, upange foleni: uko tu. Mgeni anateremka na basi la Singida saa tatu, nani akampokee?

Uko tu!

Neno hili dogo limenila. Mwanamume akikaa kwenye benchi pale Mbauda akingoja mteja, yuko kazini. Dereva akilala ndani ya gari akingoja watalii pale Mnara wa Saa, yuko kazini. Mwanamke akiwa jikoni kwake, mikono imejaa unga, moto umewashwa, jasho linamtoka, yuko tu. Nani aliamua hivyo? Na sisi tulikubali lini?

Hili si la kusingizia hasira zangu. Mwaka 2014 Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwenye utafiti wake wa nguvu kazi, iliwauliza Watanzania wanazitumiaje saa zao 24. Ikaonekana kile ambacho kila bibi wa Meru angeweza kukuambia bila kalamu: kazi ya nyumbani isiyo na malipo wanawake wanaibeba mara kadhaa zaidi kuliko wanaume. Imeandikwa, imepigwa chapa, imewekwa kabatini. Nani alibadilisha ratiba ya nyumbani kwake siku iliyofuata?

Baba usomaye, usigeuze ukurasa. Mtoto ni wako. Kundi la wazazi lile la WhatsApp, namba yako imo? Mwalimu wa darasa la mwanao, unamjua jina? Mkono mmoja haulei mwana, tunausema kila harusi, tunaupigia makofi, kisha tunarudi nyumbani mkono ni ule ule mmoja. Unasema unatafuta pesa. Na mimi nataka kutafuta pesa! Oveni ninayo. Kinachokosekana ni saa tatu zisizoguswa.

Najua kuna anayenisoma na kusema, "Huyu tatizo lake ni Kayumba. Wangu wanaondoka na gari alfajiri, wanarudi saa kumi na moja jioni, mchana mzima ni wangu." Dada yangu, mchana huo ni wako au ni wa ada? Tangu mtoto aingie shule ile umeongeza genge, umeongeza kikoba, na Januari iliyopita uliingia mkopo wa kausha damu ili asirudishwe getini. Usinikatalie, tuliketi pamoja kwenye foleni ile ile. Unauza tangu saa mbili mpaka saa moja usiku, rejesho linakungoja kila Jumatatu, na mtoto anarudi amechoka kama mbeba zege, ana homuweki ya kurasa nne kwa lugha ambayo wewe hukusomea. Saa tatu usiku mnailia nyote wawili.

Umenunua muda kwa pesa, na pesa umeilipa kwa muda. Sasa umebaki na nini?

Wengine walikwenda mbali zaidi, na hapa naomba tusemezane taratibu. Mji wetu umezungukwa na mabweni, ukishuka Usa River, ukipanda Ngaramtoni, ukienda Njiro. Kulikuwa na watoto wa miaka minne, mitano, waliolala huko. Walikojoa kitandani na hakukuwa na wa kuwabadilisha ila mtu mwenye wengine wengi kama wao. Machi 2023 Wizara ya Elimu ikapiga marufuku bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne. Nakumbuka kelele zilizopigwa. Nakumbuka akina mama waliolia kama wamefiwa. Nilitaka kuwahukumu, nikashindwa. Mwanamke hampeleki mtoto wa miaka minne bweni kwa kuwa hampendi. Anampeleka kwa kuwa ameangalia siku yake kuanzia alfajiri hadi usiku na hajaona mahali pa kumweka. Serikali ilifanya vizuri kuwarudisha watoto nyumbani. Iliwarudisha kwa nani? Kwa mama yule yule, mwenye siku ile ile. Hakuna aliyekwenda kumuuliza utamlea saa ngapi.

Na Jumamosi? Jumamosi nayo imekwenda.

Mkubwa wangu darasa la nne ana upimaji wa taifa Oktoba, basi tangu Machi Jumamosi yake ni ya shule. Jaribio, masahihisho, jaribio tena. Mwenzake wa darasa la saba anafanya mtihani Septemba, huyo hata Jumapili jioni hana. Nikiuliza naambiwa mama, hutaki mwanao afaulu?

Mei 6, 2017 ilikuwa Jumamosi. Watoto wa darasa la saba wa Lucky Vincent waliondoka Arusha asubuhi, mvua inanyesha, kwenda Karatu kufanya mtihani wa majaribio na wenzao wa shule nyingine. Basi likatumbukia korongoni Rhotia. Wanafunzi zaidi ya 30, walimu wao wawili na dereva. Tuliwaaga uwanja wa Sheikh Amri Abeid, majeneza yamepangwa mistari, na mji huu haujawahi kunyamaza namna ile. Simtwishi mtu lawama. Ajali ni ajali, na waliofiwa wana haki ya kuachwa na majonzi yao. Lakini mimi ni mama, na swali lile halijaniacha miaka yote hii. Jumamosi ya mtoto ni ya nani? Ni lini tulikubaliana kwamba mtoto wa miaka 13 akibaki nyumbani siku ya mapumziko, akamsaidia bibi kuchuma kahawa, akacheza, akalala, amepotezewa maisha?

Muda wa mtoto na muda wa mama ni kamba moja. Ukivuta huku, kule kunakaza. Mtoto asiyekuwa na Jumamosi ana mama asiyekuwa na Jumamosi: nani atapika saa kumi na moja, nani atasimama getini, nani atamfuata?

Inanikasirisha zaidi kwamba haya yanatokea Arusha. Jina la mji wetu limo kwenye Azimio la Februari 1967. Mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, akataka shule isimng'oe mtoto kwenye maisha ya wazazi wake, asome na mikono yake ikiwa inafanya kazi, arudi nyumbani akiwa msaada. Makumbusho ya Azimio yapo, unaweza kwenda kwa miguu kutoka Kaloleni. Sasa mtazame mwanao jioni. Kikombe alichonywea hakioshi. Soksi zake hazifui. Ukimwambia fagia, anasema nina homuweki, na wewe, wewe mwenyewe, unamnyang'anya ufagio! Unamwambia soma mwanangu, nitafagia mimi.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hapo hakuna shule ya kulaumu, hakuna mume, hakuna wizara. Hapo ni wewe. Umechukua kazi ya mtoto ukaiongeza juu ya yako, kisha unauliza asubuhi yako imekwenda wapi. Mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka Mei. Mtoto wa miaka kumi, mzima, ana nguvu za kuruka kamba saa nzima, namfulia soksi. Sasa anafua. Alilia siku mbili, ya tatu akaimba.

Umelala, mama. Nisamehe, lakini umelala. Umelala kwa sababu ukisema nataka muda wangu unaona aibu, kama umeomba kitu cha anasa. Unaweza kuomba pesa ya kitabu cha mtoto mbele ya mkutano mzima bila kutetemeka, lakini kusema saa tatu asubuhi sitakuja, nina kazi yangu, ulimi unakwama. Unatafuta uongo. Unasema naumwa. Unasema nina msiba. Ndiyo, mwanamke wa Arusha ni mpaka aue ndugu wa kubuni ndipo apate asubuhi moja!

Binti yako anaona. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko baridi ya Julai. Hahitaji kufundishwa. Anaona kwamba muda wa baba unaulizwa kwanza na muda wa mama unachukuliwa. Anaona kwamba mama akikaa chini kuna mtu atamwita. Tumelipa ada, tumelipa nauli, tumemnunulia na joho, kisha kila siku pale sebuleni tunampa somo moja ambalo halina mtihani na hatalisahau: saa zako hazina mwenyewe. Miaka ishirini mbele atasimama pale Sanawari na simu mkononi, na nani atamwambia vinginevyo?

Tazama na miili yetu. Presha kwenye miaka 38. Migongo. Kliniki unakwenda lini? Siku ile ambayo umeanguka. Tazama akina bibi kule juu, Poli, Nkoaranga, Akheri, wanaozeeka wakitazama barabara, kwa kuwa mabinti waliowasomesha wako mjini hawana Alhamisi.

Ninachotaka ni kidogo mno kwa kelele zote hizi. Vikao vya wazazi viwe Ijumaa saa kumi, baba naye aje. Ujumbe wa manila uje Ijumaa kwa juma zima, usije saa tatu usiku kwa ajili ya kesho. Jumamosi mbili kwa mwezi ziachwe za watoto, hata kwa darasa la saba. Nimeyaandika haya, nimemkabidhi mwenyekiti wa kamati ya shule ya mdogo mkononi mwake. Amesema hakuna mzazi mwingine aliyewahi kulalamika.

Hakuna mwingine! Mko wapi?

Alhamisi iliyopita nilizima simu saa mbili kamili. Mdogo nilikuwa nimemwombea kwa mama wa nyumba ya pili amchukue getini. Wake nitamchukua mimi kila Jumanne, tumepatana. Nikapanda hiace, nikapanda bodaboda, nikamkuta mama anapalilia. Aliponiona akaangusha jembe. "Nani amekufa?" Nilikuwa sijamwamkia bado. Macho yametoka, mkono kifuani. "Nani amekufa, mwanangu?"

Nikamwambia shikamoo mama, hakuna aliyekufa. Nimekuja kukaa.

Hakuamini. Aliuliza tena mara mbili tukiwa tunamenya ndizi, na mara ya tatu alipoona nimevua viatu. Tukakaa mpaka saa saba. Nilipowasha simu njia panda nikiteremka, kulikuwa na jumbe 47. Nilizisoma zote ndani ya hiace, moja baada ya nyingine, nikitafuta hata mmoja ambao usingeweza kungoja.

Alhamisi hii naenda tena.